Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere na Njaa ya Watu Wake

Kila tarehe 14 Oktoba taifa letu humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, na siku mbili baadaye, tarehe 16, ulimwengu huadhimisha Siku ya Chakula Duniani, iliyowekwa kukumbuka kuanzishwa kwa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, mwaka 1945. Kukaribiana kwa siku hizi mbili ni sadfa tu. Hata hivyo, kwetu sisi tunaosali ili Mtumishi huyu wa Mungu apate kutangazwa mwenye heri, sadfa hiyo inatupa nafasi ya kumtazama upande ambao hautajwi sana majukwaani. Husemwa uhuru, umoja, Kiswahili na ukombozi wa kusini mwa Afrika. Chakula husahauliwa, ingawa sehemu kubwa ya uongozi wake ilitumika kukihangaikia, na ingawa katika jambo hilo ndimo yamo mazuri yake makubwa na majeraha yake makubwa pia.

Alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, mwezi Aprili 1922, katika boma la Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi. Majina yake yenyewe yanatoka shambani. Kambarage ni jina la mzimu wa mvua katika mapokeo ya Wazanaki, naye alipewa kwa sababu mvua kubwa ilikuwa ikinyesha alipozaliwa. Nyerere maana yake ni kiwavi, kwa kuwa baba yake alizaliwa wakati viwavi walipoivamia nchi ile na kula mazao. Mtoto yule alibeba mvua katika jina lake na njaa katika jina la baba yake. Alimsaidia mama yake kulima ulezi, mahindi na mihogo, akachunga mbuzi pamoja na wenzake, na hakuingia darasani Mwisenge hadi mwaka 1934, akiwa na miaka kumi na miwili hivi.

Hatua za elimu yake zinajulikana na wengi, nasi tutazipita upesi: Tabora, kisha Makerere, kisha ualimu katika shule ya Mtakatifu Maria ya Wamisionari wa Afrika huko Tabora, kisha Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952. Ubatizo wake ulifanyika Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, siku mbili kabla ya Noeli. Lakini kipo kisa kimoja kidogo cha Tabora ambacho hatupendi kikipite msomaji. Alipokuwa mwalimu pale, kwa muda mfupi alifanya pia kazi ya ukaguzi wa bei: alizunguka madukani kuangalia kama wauzaji wanatoza bei halali. Aliandika taarifa za udanganyifu aliouona. Wakubwa hawakuzishughulikia, naye akaiacha kazi ile. Kijana aliyeona jinsi mnyonge anavyopunjwa mbele ya mizani, na jinsi anayelalamika asivyosikilizwa, alikuja baadaye kuwa mtu wa kuamua mizani ya nchi nzima. Hatushangai kwamba hakuwaamini wafanyabiashara wa nafaka maisha yake yote. Pengine hakuwaamini kupita kiasi.

Aliporudi kutoka Uskoti alifundisha historia katika Chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu, umbali wa kilomita ishirini hivi kutoka mjini. Siku za mapumziko alikuja Dar es Salaam, na aliyempokea Kariakoo alikuwa Abdulwahid Sykes, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo. Habari hii yastahili kuangaliwa kwa makini. Siasa za uhuru wa Tanganyika zilizungumzwa katika nyumba za Kariakoo na katika ofisi ya soko, mahali ambapo samaki, ndizi, viazi na mchele kutoka Rufiji, Uluguru na pwani vilipokewa na kugawiwa. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa ulioitwa New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba. Mkatoliki kutoka Uzanaki alikaribishwa, akalishwa na kulazwa na Waislamu wa mji huu. Mwaka 1955, alipolazimika kuchagua kati ya ualimu na siasa, aliiacha Pugu na mshahara wake, na nyumba ya Sykes ikawa kimbilio lake kabla hajahamia Magomeni.

Jina lenyewe la Kariakoo lina kumbukumbu ya chakula na mateso. Wajerumani walijenga pale jengo la soko mara tu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipouteka mji waliligeuza kuwa kambi ya kikosi cha wapagazi, na jina la Kiingereza la kikosi hicho ndilo lililogeuka katika vinywa vya watu likawa Kariakoo. Wapagazi wale walibeba unga na risasi za majeshi ya wengine. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi na kwa utapiamlo, mizigo ya chakula ikiwa vichwani mwao.

Mwaka 1961 ulikuwa na mambo mawili. Mwezi Mei Baba Mtakatifu Yohane XXIII alitoa waraka wa Mater et Magistra, ambao ndani yake kuna sehemu ndefu juu ya wakulima: kwamba kilimo kimeachwa nyuma, kwamba vijana wanakimbilia mijini, na kwamba haki inadai mkulima apate barabara, maji, mikopo na bei inayomstahili. Mwezi Desemba Tanganyika ikawa huru. Miaka miwili baadaye, Novemba 1963, Nyerere alialikwa Roma kutoa mbele ya mkutano wa FAO mhadhara wa kumbukumbu ya McDougall, yule Mwaustralia aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa shirika hilo. Alirudi Roma tena Julai 1979 kuhutubia mkutano wa dunia juu ya marekebisho ya umiliki wa ardhi na maendeleo vijijini. Kwa hiyo alipozungumza juu ya jembe nyumbani, alikuwa pia amekwisha kulizungumzia mbele ya mataifa.

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Wiki saba baadaye Baba Mtakatifu Paulo VI alitoa Populorum Progressio. Wasomaji wetu wengi wanalikumbuka Azimio kwa habari ya mabenki na viwanda kutaifishwa, lakini ukilisoma utaona kwamba sehemu yake kubwa inahusu shamba. Nyerere aliwaonya wenzake kwamba fedha na viwanda havikuwa msingi wa maendeleo ya nchi maskini, bali ardhi na watu wanaoilima. Aliongeza jambo lililowachoma watu wa mjini: hospitali, barabara na taa za Dar es Salaam zimejengwa kwa mikopo, na mikopo hiyo hulipwa kwa pamba, kahawa na katani ya mkulima ambaye mwenyewe hana taa. Kwa maneno mengine, mji unaweza kumnyonya kijiji. Sisi tunaoishi katikati ya jiji hili, na ambao kila asubuhi tunakula kilichoteremshwa usiku kutoka malori ya Morogoro na Iringa, hatuna sababu ya kudhani kwamba onyo lile limepitwa na wakati. Anayefahamu lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba ili mkulima auze zaidi kwa bei ile ile, anajua tunachosema.

Mei 1972 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Iringa na kutoa mwongozo uitwao Siasa ni Kilimo. Ulihimiza mbolea ya samadi, mbegu zilizochaguliwa, kupanda kwa wakati, jembe la kukokotwa na ng'ombe badala ya la mkono, umwagiliaji mdogo na kuzuia mmomonyoko wa udongo. Leo wataalamu wanaozungumza juu ya kilimo kinachorudishia udongo uhai wake wanasema mengi ya hayo hayo. Mwaka 1973 ilianza kazi ya hifadhi ya ardhi Dodoma, iliyojulikana kwa jina la HADO, kwa ajili ya kuponya makorongo ya Kondoa. Mwaka 1979 mifugo ipatayo 90,000 iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256 ili nchi ipumzike. Hatua hiyo iliwaumiza wafugaji, tusifiche; lakini majani yalirudi, na miti ikaota mahali palipokuwa mchanga mtupu.

Hata hivyo wazee wetu hawakungoja mwongozo wa chama ili wajue kutunza ardhi. Wamatengo wa Mbinga walikuwa na ngoro zao, vishimo vinavyofunikwa majani milimani ili maji yasikimbie na udongo usichoke. Wakara wa kisiwa cha Ukara walifungia ng'ombe ndani na kukusanya samadi kwa uangalifu mkubwa. Wachagga walikuwa na kihamba, mgomba na kahawa na mti mrefu juu yake. Kila mahali palikuwa na elimu ya mahali pale, na hapa ndipo tunafika kwenye jambo gumu.

Mwalimu aliamini kwamba watu wakikaa pamoja vijijini watapata shule, zahanati, maji na zana, na kwamba watalima pamoja kama ndugu. Mwanzoni alisisitiza kwamba hakuna anayelazimishwa kuingia kijiji cha ujamaa. Lakini utekelezaji ulikuwa na mikono mingi. Siku ya Noeli ya mwaka 1971, huko Ismani, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Klerruu, alikwenda shambani kwa mkulima mmoja mkubwa wa mahindi, Said Mwamwindi, wakakorofishana, na mkulima akampiga risasi akamwua. Mwamwindi alihukumiwa kifo akanyongwa. Ismani ilikuwa imesifiwa kwa miaka mingi kama ghala la mahindi, na ardhi yake ilikuwa tayari imechoka kwa kulimwa zao lile lile mfululizo bila kupumzishwa. Watu wawili wakafa na udongo ukabaki umechoka.

Mwaka 1973 TANU iliazimia kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Sasa haikuwa hiari tena. Mamilioni ya watu walihamishwa, wengi kwa haraka, wengine baada ya nyumba zao kuchomwa moto au kuezuliwa paa na watu waliotumwa na serikali. Katika mikoa mingi mashamba yaliachwa mbali na makazi mapya. Mkulima alitembea saa nzima kufika shambani, na mavuno yake yaliliwa na nyani na ngiri kabla hajayaona. Ardhi iliyozunguka vijiji vikubwa ililimwa kila mwaka bila kupumzika, kuni zikakatwa hadi zikaisha, na ile desturi ya zamani ya kuliacha shamba lirudie nguvu zake ikavunjika. Uhamisho huu ulikutana na ukame wa mwaka 1973 na 1974. Wataalamu hubishana ni kipi kilichangia njaa zaidi. Sisi tunaona kwamba ukame ulikuja wenyewe, lakini uliwakuta watu wameng'olewa, na mti uliong'olewa haustahimili jua.

Serikali ilinunua nafaka nje kwa fedha za kigeni ambazo haikuwa nazo za kutosha. Ndipo ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya mwaka 1974 na 1975, iliyomtaka kila mtu, pamoja na mkaazi wa mji, alime. Ofisi na viwanda vya Dar es Salaam vilipewa mashamba nje ya mji. Wapo waliocheka kumwona karani ameshika jembe, lakini mihogo na mchicha wa mabondeni vililisha familia nyingi. Akiba ya taifa ya nafaka, ambayo leo hutunzwa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ina mizizi yake katika hofu ya miaka ile.

Katika kipindi hicho hicho soko jipya la Kariakoo lilijengwa. Msanifu wake alikuwa Beda Amuli, Mwafrika wa kwanza wa nchi yetu kufuzu usanifu wa majengo, na Rais Nyerere alilifungua Desemba 1975. Paa lake ni kama miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini ili kuyakinga maji ya mvua na kuyashusha chini yahifadhiwe. Chini ya ardhi palitengwa wauzaji wa jumla, na juu wachuuzi wa rejareja. Moto wa usiku wa tarehe 10 Julai 2021 ulilijeruhi jengo hilo vibaya, lakini aliyewahi kusimama chini ya miavuli ile anajua kwamba lilijengwa na watu walioheshimu kikapu cha mama wa kawaida.

Jengo lilikuwa zuri. Mpango wa kulijaza chakula haukuwa mzuri kiasi hicho. Mwezi Mei 1976 serikali ilivifuta vyama vya ushirika, vile vile ambavyo wakulima wa Kagera, Kilimanjaro na Usukuma walivijenga kwa jasho lao tangu enzi ya ukoloni. Ununuzi wa nafaka ukabaki mikononi mwa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, jambo lililowasaidia wakulima wa mbali wa Rukwa na Ruvuma, lakini gharama ya kusafirisha ikalizamisha shirika katika madeni, na mkulima akangoja malipo yake kwa miezi. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta, foleni za sukari, sabuni na unga zikawa sehemu ya maisha ya mji huu. Wenye umri wanaukumbuka unga wa manjano wa msaada, uliopewa jina la unga wa yanga. Mwaka 1982 sheria ilivirudisha vyama vya ushirika, na baadaye Mwalimu alikiri hadharani kwamba kuvifuta kulikuwa kosa. Si viongozi wengi wa rika lake waliosema hivyo wakiwa bado madarakani. Mwaka 1984, mwaka ambao ruzuku ya sembe iliondolewa, kilianzishwa Morogoro Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kwa jina la Waziri Mkuu aliyefariki Aprili mwaka huo.

Lipo eneo moja ambalo moyo wake ulionekana bila mchanganyiko, nalo ni wakimbizi. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 hawakufungiwa makambini wangoje mgao. Walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo, wakafyeka pori, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Baada ya miaka michache walikuwa wakijilisha na kuuza ziada. Mwaka 1980 Tanzania iliwafungulia uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000. Kwa kazi hiyo Umoja wa Mataifa ulimpa Nyerere Nishani ya Nansen mwaka 1983. Nchi iliyokuwa ikipanga foleni ya unga ilimpa mgeni shamba. Tunaomba msomaji asipite haraka hapa, kwa maana mambo haya mawili yalitokea katika miaka ile ile, chini ya mtu yule yule.

Alikuwa mtu wa Misa ya kila siku. Waamini wa Parokia ya Mtakatifu Petro, Oysterbay, walizoea kumwona asubuhi kanisani kama mmoja wao. Mwaka 1970, alipozungumza na watawa wa Maryknoll huko New York, aliwaeleza kwamba Kanisa lisiloshiriki harakati za maskini za kujikomboa litakuwa halina maana kwao. Baada ya kustaafu urais Novemba 1985 aligawa muda wake kati ya Msasani, safari za usuluhishi na shamba lake la Butiama, akazigeuza Injili na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili. Huko Butiama alishika jembe kama wanakijiji wenzake. Hakuwa na mali ya kutajwa.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa Butiama tarehe 23. Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wake mwaka 2005, na tangu hapo tunamwita Mtumishi wa Mungu. Mchakato wa namna hii haupimi sera za uchumi. Huchunguza imani, matumaini, mapendo, busara na haki katika maisha ya mtu, na namna alivyokubali au kukataa kusahihishwa. Ushahidi wa wale waliomjua hauwezi kutoka ikulu na kanisani peke yake. Katika parokia za Iringa, Mbinga, Dodoma na Kigoma bado wapo wazee walioihama nyumba ikiwaka, na Katumba wapo wazee waliopewa ekari zao wakiwa hawana kitu. Wote wawili huweza kuketi leo benchi moja kwenye Misa ya Jumapili, na wote wawili wana la kusimulia.